Mume Aliyeleta Korosho

Nyie watu wa kitengo cha kumbukumbu, pamoja na wale wa maabara mliojiingiza bila kualikwa, mmeniuliza tangu Jumatatu: "Editha, ilikuwaje huko?" Na kila nikifungua mdomo mnanikatiza mnataka picha za theluji. Theluji haikuwepo. Ndoa yenyewe, kuanzia kuingia ukumbini hadi kutia saini, ilikwisha kabla chai haijapoa kikombeni. Safari mnayoiulizia haikuwa ya ndege. Ilikuwa ya Goba kwenda Tandika, Tandika kwenda Keko, Keko kwenda Tegeta, na kurudi tena Tandika. Ilichukua siku nne na kuna sehemu mpaka leo sijaielewa vizuri. Nimeamua kuiandika mara moja, nisije nikaisimulia mara kumi na mbili.

Kwa wageni wa kitengo: Tomashi ni yule fundi Mcheki, wa kule Ulaya, aliyekuja kufunga mashine ya eksirei, akawa kila siku anakuja dirishani kwangu kuuliza mafaili ambayo hakuyahitaji. Kiswahili chake chote alijifunzia kwenye mashine, kwa hiyo anajua "vuta pumzi", "shikilia" na "pumua". Mengine yote tunazungumza Kiingereza. Tulikubaliana kufunga ndoa ya kiserikali kwenye halmashauri ya mji wao, tukapewa siku. Siku hiyo ikipita tunarudi mwisho wa foleni, na yeye kazini kwake walikuwa wanamhamishia nchi nyingine kwa mwaka mzima. Kwa kifupi, ilikuwa siku ile au sijui lini.

Karatasi sitazisimulia. Mtu anayeshinda na mafaili hawezi kustarehe kwa kusimulia mafaili. Ni moja tu yenye kisa, ile ya kuthibitisha kwamba sijaolewa na mtu mwingine. Karatasi hiyo huanzia serikali ya mtaa, kwa barua fupi tu yenye mhuri, na ilitakiwa iwe mkononi mwangu kabla ya Ijumaa.

Goba, kwa mtendaji

Jumatatu asubuhi niliteremka kilima chetu nikiwa nimevaa viatu vizuri, kwa sababu nilidhani ni kazi ya nusu saa. Mtendaji wa mtaa ni dada mdogo kuliko mie, mpole, ana kucha nzuri. Akaniuliza nimekaa Goba muda gani. Nikasema miezi minne, tangu nimalize kujenga chumba changu na sebule.

"Sasa dada, miezi minne," akasema, "mie nitajuaje kama huko ulikotoka hukuacha mume? Nenda ulikokaa muda mrefu wakuandikie, halafu mie naambatanisha."

Nikacheka. Nikamwambia nimetoka Tandika, nimekaa miaka saba, ni mwendo tu, nitarudi mchana. Nilifika barabarani nikiwa bado nacheka, nikasimamisha bodaboda, nikapanda. Tulipofika kwenye ule mteremko wa kona ndipo nilipokumbuka, na kicheko kikaisha.

Tandika mie nina mume.

Ngoja niwaeleze. Nilipohamia Dar kutoka Njombe nilitafuta chumba wiki tatu. Wenye nyumba watatu walinikataa kwa neno moja: hawapangishi mwanamke asiye na mume, anawaletea watu. Kwa Bi. Salama pale Tandika nilikwenda na mzigo kabisa, maana nilikuwa sina pa kulala. Nyuma yangu alikuwa seremala wa Keko, Kassimu, aliyenitengenezea kitanda, amekibeba begani. Bi. Salama, mama wa Kilwa, mjane, mwenye macho ya kupima mtu, akauliza, "Huyu ndiye mumeo?"

Nikasema, "Ndiyo."

Kassimu aligeuka kidogo chini ya kile kitanda, akaniangalia, akamwangalia Bi. Salama, akasema, "Shikamoo mama." Basi. Kitanda na mume viliingia siku moja. Kitanda kikabaki, mume akaenda zake Keko, na mie nikasema yuko machimboni Chunya. Nilidhani uongo mdogo kama ule unakufa wenyewe usipoulisha.

Tandika, mara ya kwanza

Mwenyekiti wa mtaa ni Mzee Pazi. Ana ofisi yenye kiti kimoja kizima na benchi la wageni. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu.

"Barua ya nini, mama?"

"Ya kuthibitisha kwamba sijaolewa, mzee."

Akavua miwani. "Hujaolewa na nani?"

"Na mtu yeyote."

"Na mumeo je?"

Akavuta daftari la wakazi, akalifungua, akanionyesha. Mume: yupo, safarini. Nikatazama vizuri ule mwandiko. Ulikuwa wangu. Siku ile ya kuandikishwa mjumbe alinipa kalamu nimsaidie kwa kuwa nina mwandiko mzuri, na mie, mtunza kumbukumbu wa hospitali, nikajiandikia mume kwa herufi nzuri za kusomeka.

Nikakiri. Nilimwambia Mzee Pazi kwamba nilidanganya ili nipate chumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu, ndoa ina kupanda na kushuka. Mkigombana, gombaneni, lakini usimfute mtu. Yule bwana mie nimekula korosho zake miaka saba."

"Korosho gani?"

"Editha!" akasema, safari hii kwa kunionya. "Mtu akija kwake hasahau majirani. Kila msimu naletewa fungu langu. Mtu ambaye nimekula korosho zake siwezi kuandika kwamba hayupo."

Mie nilisema Chunya. Chunya kuna dhahabu, hakuna korosho. Nikamuuliza kama aliwahi kumwona huyo bwana kwa macho yake.

"Anaingia alfajiri, anatoka alfajiri, mie nitamwona wapi? Lakini anajulikana. Mrefu, wa makamo, kofia ya kijani. Akifika anakohoa mlangoni mara mbili kabla ya kupiga hodi. Mtu wa heshima sana."

Niliketi pale kwenye benchi nikijaribu kuelewa. Kassimu ni mfupi. Kassimu hakohoi. Kwa sekunde kadhaa, na msinicheke, nilijiuliza kama kuna mwanamume aliyekuwa akiingia chumbani kwangu alfajiri na mie nimelala. Mzee Pazi akafunga daftari. Alisema kama tumeachana nilete talaka, na kama hatujaachana nimlete mwenyewe aseme mbele yake. Njia ya tatu hakuna.

Nilikwenda mbio kwa Bi. Salama. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, Mama Zubeda, ambaye hukaanga mihogo pale barazani, akaniambia Bi. Salama yuko Kilwa kwa shemeji zake, anarudi Alhamisi, na simu yake akiwa kule huwa haipatikani. Kisha akanikazia macho.

"Ila shoga, mmetutupa. Tangu mumeo akuhamishie Goba, hata korosho hatuzioni. Mwambie shemeji za msimu uliopita zilikuwa zimeungua kidogo."

"Nitamwambia," nikasema.

Ningefanyaje? Nilinunua mihogo, akanimiminia pilipili na kachumbari, nikala nimesimama. Nilikuwa nimekuja kumkana mume mmoja, nikajikuta nina wawili.

Keko

Jumanne niliomba ruhusa kazini, mnakumbuka, nikasema naumwa jino. Nilikuwa Keko. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Mzee Pazi anataka mume, basi nimpelekee yule niliyemtaja, aseme kwa mdomo wake kwamba alileta kitanda tu.

Keko mnaijua, ni mbao na vumbi la mbao na harufu ya vanishi kuanzia mwanzo wa barabara hadi mwisho. Mahali alipokuwa Kassimu siku zile sasa panauzwa makochi. Nilianza kuuliza karakana hadi karakana, na kila ninapouliza naketishwa. Huwezi kusimama Keko. Wanakuketisha kwenye sofa mpya, wanakuuliza unaionaje, ni laini, eeh, ndipo wanakujibu kwamba Kassimu hawamjui. Niliketi kwenye makochi sita kabla ya kumpata fundi mmoja mzee aliyeacha kupiga randa aliposikia lile jina.

"Kassimu wa vitanda. Unamtafutia nini?"

Hapa nilikosea, na kosa ni la uchovu. Nilitakiwa kusema nataka kitanda. Nikasema, "Ni mume wangu. Yaani, si mume wangu kweli, ila watu wanajua ni mume wangu, sasa nataka aje aseme siye."

Misumeno ikanyamaza. Mafundi wakakusanyika. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kunihurumia.

"Miaka saba, sista?" akauliza mmoja.

"Miaka saba, lakini hatujawahi..."

"Braza Kassimu ana mambo!" akasema mwingine, na wakaguna wote.

Basi wakanifanya shemeji yao. Soda ikaja. Mama lishe wa pale akaniletea wali maharage na parachichi, akasema nisijali, mwanamke aliyetelekezwa asile kwa shida. Nilikataa kwamba nimetelekezwa, lakini wali sikuukataa. Yule mzee akanieleza kwamba Kassimu amehamia Tegeta, kwenye nyumba mpya, anatengeneza milango na madirisha, maisha yamemnyookea. Akanichorea njia kwenye kipande cha plaiwudi nikakibeba. Nilipokuwa naondoka nikamsikia yuko kwenye simu, anasema kwa sauti ya baba mkwe, "Kassimu, kesho mkeo wa Tandika anakuja. Umpokee vizuri, jamani."

Tegeta

Jumatano mvua ilinyesha na barabara ya Bagamoyo ikasimama kabisa. Nilifika Tegeta saa nane mchana nikiwa nimelowa, na kipande changu cha plaiwudi kimevimba. Nyumba niliiona kabla ya kuuliza, kwa sababu mbele yake mlangoni alisimama mwanamke wa rika langu, mikono kiunoni, ananiangalia tangu nilipokunja kona.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema. "Mie ndiye Mama Nasra. Ingia, utaumwa."

Alinipa kanga kavu. Alinipa kiti. Kisha akaleta ugali, mchicha wa nazi na samaki mkubwa ambaye alionekana ametafutwa kwa makusudi. Sijui kwenu, lakini kwetu Njombe mtu mwenye hasira na wewe hakupikii. Huyu alipika, na hasira nilikuwa naiona. Nilishindwa kujua nianze na kula au na kujitetea. Kassimu alikuwa kona ya sebule, amekaa kwenye ukingo wa stuli aliyoitengeneza mwenyewe, uso umemshuka.

"Dada yangu," akaniambia taratibu, "mie nakuomba kwa Mungu. Mie na wewe tulionana wapi?"

Nikamsimulia. Tandika, Bi. Salama, kitanda begani, swali, na lile "ndiyo" langu. Alinitazama bila kunikumbuka hata chembe. Kisha macho yakamfunguka.

"Kile cha mninga! Futi tatu na nusu! Mguu wa nyuma ulikuwa na fundo, nikauzibia kipande!" Akamgeukia mkewe kwa furaha. "Mama Nasra, nakikumbuka kitanda!"

"Futi tatu na nusu?" akauliza Mama Nasra.

"Futi tatu na nusu."

Mwanamke yule akamwangalia mumewe, mabega yale mapana ya useremala, akaniangalia mie, ambaye mnanijua nilivyo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Kisha akanisogezea samaki upande wenye mnofu. "Kula, dada," akasema. "Kesho twende wote. Na cheti changu cha ndoa nakibeba."

Nikiwa na kichwa cha samaki mkononi, Tomashi akapiga simu. Nilikuwa nimemwandikia asubuhi kwamba kuna tatizo dogo, mtaa unasema nina mume.

"Editha," akasema, "sijaelewa. Una mume?"

"Hapana. Naambiwa nina mume."

"Mume gani?"

"Mmoja niko naye hapa, anakula. Mwingine analeta korosho."

Mvua ilikuwa inapiga bati na mie nilikuwa nasikia pumzi zake tu. Nilijisikia vibaya sana. Mtu yuko mbali, amempa mama yake habari, amekodi suti, halafu mchumba anamwambia maneno kama yale. Ningekuwa yeye ningekata simu. Nilianza kueleza upya kwa haraka, nikachanganya Tandika na Tegeta, sauti ikaanza kunitetemeka, na yeye akasikia.

"Editha," akasema. "Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Shikilia."

Nikashikilia, na mtandao ukakatika. Sikumpata tena siku ile. Ndugu zangu, nilikwenda kulala nikiwa nimeshikilia.

Tandika, Alhamisi

Tuliingia ofisini kwa Mzee Pazi watatu: mie, Kassimu aliyevaa shati la sikukuu, na Mama Nasra na bahasha yake. Nikasema, "Mzee, huyu ndiye yule mume. Muulize mwenyewe."

Mzee Pazi akamwangalia Kassimu kuanzia viatu hadi utosini.

"Huyu siye," akasema.

"Ndiyo nasema, mzee. Siye mume wangu."

"Hapana. Nasema huyu siye mume wako ninayemjua. Wako ni mrefu." Akageukia Kassimu. "Kohoa."

Kassimu akakohoa.

"Siye kabisa. Editha, hii sasa ni mbaya. Unakodi mtu aje akane badala ya mwenzake?"

Mama Nasra akachomoa cheti chake akakiweka mezani. Mzee Pazi alikisoma chote, akakirudisha kwa adabu, akasema ni kizuri, lakini huyu bwana ni Mwislamu, anaruhusiwa kuongeza mke, cheti kimoja hakizuii kingine. Mama Nasra akakitia tena kwenye bahasha. Kassimu akasema yeye ni fundi tu. Mie nilisema mambo ambayo siyakumbuki, na nafikiri nilipiga meza. Ilikuwa saa sita. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliona ile siku ya halmashauri ikiondoka, na Tomashi akiondoka nayo, kwa sababu ya mtu mrefu mwenye kofia ya kijani ambaye sijawahi kumwona.

Basi hodi ikapigwa. Alikuwa Bi. Salama, baibui lina vumbi la Kilwa, kiroba cha korosho mkononi. Mama Zubeda alimwambia kwamba niko ofisini nagombana na mwenyekiti, hakufungua hata mlango wake.

Nilimpa shikamoo nikashindwa kumtazama. Miaka saba nilimdanganya mama huyu, na sasa nilitaka anisaidie kuufuta uongo uleule. Mzee Pazi akamuuliza moja kwa moja, "Bi. Salama, wewe ndiye uliyekuwa unamwona mume wa Editha. Ni huyu?"

Bi. Salama akamtazama Kassimu. "Huyu ni seremala aliyeleta kitanda."

"Na mume yuko wapi?"

Aligeuka akatazama mlango uliokuwa wazi, na watu waliokuwa wanapita nje. "Pazi," akasema, "funga mlango."

Mlango ukafungwa. Akaketi kwenye benchi, kiroba mapajani.

"Kitanda nilikiona kinapita mlangoni kwangu," akaanza. "Kitanda cha mtu mmoja. Nikasema moyoni, huyu mtoto kaja peke yake. Na kamba ya kuanikia ni yangu, naitazama kila siku. Miaka saba haijaanikwa suruali wala fulana ya kiume. Mie si mjinga."

"Ulijua?" nikauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie uone aibu uhame? Ulikuwa unaniamkia kila asubuhi. Nyumba ile kabla yako nilikuwaga siku mbili sijasikia sauti ya mtu."

Mzee Pazi alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. "Sasa Bi. Salama, korosho?"

"Korosho ni za Abdala wangu. Mikorosho aliipanda yeye kule Kilwa, akafa kabla haijakomaa. Shemeji zangu kila msimu wananipa fungu langu. Nyie hapa mkaanza: mpangaji wako mume haonekani, mpangaji wako ana mume kweli? Kila siku. Nikaona mtamsumbua mtoto wa watu. Siku moja nikasema, kaja jana, hata korosho kaleta. Nikawagawia, nikawakataza kumtajia mwenyewe kwa kuwa ana haya, mkanyamaza." Akavuta ushungi wake. "Halafu mkauliza yukoje. Ningesema yukoje? Mie nimejua mume mmoja tu."

Mama Nasra alikuwa anaitazama bahasha yake.

"Kofia ya kijani nilimshonea mie," akasema Bi. Salama. "Na kukohoa ni kweli, alikuwa anakohoa mlangoni, mara mbili, ili nijifunike. Nikawa nawasimulia, na nyie mnapenda kuuliza. Yuko wapi sasa hivi, atakuja lini. Hapa mtaani hakuna aliyemjua Abdala. Nilihamia nikiwa tayari mjane, hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Za mume wa Editha mlikuwa mnauliza."

Nililia, na sijui nililia kwa lipi hasa. Neno langu moja la kutafutia chumba, nililolisema nikalisahau, mama huyu alilibeba miaka saba na kulitunza kuliko mie.

Mzee Pazi akavuta karatasi safi. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Kwa hiyo, Bi. Salama, niandike kwamba mume hakuna?"

"Subiri."

Tukasubiri. Aliingiza mkono kwenye kiroba, akatoa korosho chache, akazipanga kiganjani, akazirudisha.

"Andika," akasema. "Hakuna."

Mzee Pazi akaandika. Mistari minne, mhuri, saini. Alipomaliza akasema maneno yale hayatoki kwenye chumba kile, na hayajatoka. Nyie nawaandikia kwa sababu nilimwomba Bi. Salama ruhusa, akasema watu wa hospitali wamezoea kutunza siri za watu. Msiniangushe.

Kwa kina Tomashi

Ijumaa asubuhi yule dada wa Goba aliambatanisha barua yake, nikasafiri. Huku ni kufupi. Tulifunga ndoa mbele ya meya wao, bwana mwenye mkufu mkubwa wa cheo shingoni, mkalimani akinitafsiria. Alipouliza kama ninajua kizuizi chochote, nilikaa kimya kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, na Tomashi akanikanyaga mguu taratibu. Nikasema sijui.

Kwenye chakula mtu akaangusha sahani mbele yangu ikapasuka. Nikainuka hapohapo, nikaomba ufagio, nikaanza kufagia, maana nimeishi nyumba ya kupanga, najua ukichelewa lawama ni yako. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe ni desturi yao, sahani huvunjwa makusudi na maharusi hufagia pamoja, na mama mkwe alifurahi sana kuona nimefundishwa vizuri. Sikumwambia kitu. Tulikula mikate ya kuchemsha, mizito, na supu ya vitunguu saumu. Nilikuwa na korosho kwenye mkoba, nikazigawa, zikaisha kabla ya keki.

Tandika, Jumamosi iliyopita

Tomashi amekuja nami kwa wiki mbili. Jumamosi nilimpeleka kwa Bi. Salama. Alikuwa ametupikia wali wa nazi, amevaa kanga mpya. Tukaketi barazani, na Tomashi akasema shikamoo yake aliyoifanyia mazoezi tangu Goba. Bi. Salama akaipokea, akamwambia kwamba amekonda.

Mama Zubeda akaja na sahani ya mihogo kumwangalia mgeni. Alimzunguka kwa macho, kisha akanigeukia mie, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Huyu ndiye mume?"

"Ndiye."

"Na yule wa kwanza je? Shemeji wa korosho?"

Nilikuwa nimeshasema uongo wa kutosha kwenye baraza ile, na ukweli haukuwa wangu kuusema. Bi. Salama aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika.

"Yule alishafariki, Mama Zubeda," akasema.

Mama Zubeda akaweka mihogo sakafuni. Akasema innalillahi, akaketi palepale, akalia kweli. Alilia machozi ya mtu aliyekula mkononi mwa marehemu. Habari ikatoka barazani bila mtu kuituma, na jirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wameshajitanda kanga, kutoa pole. Mikono walinipa mie. Mie nikawa nawaelekeza kwa Bi. Salama aliyeketi mkekani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Mzee Pazi alikuja mwishoni, akapita mbele yangu bila kusimama, akaenda moja kwa moja kumshika yeye mkono.

Bi. Salama hakutoa chozi. Alikuwa amekaa wima, midomo ameibana, anaitikia kwa kichwa. Tomashi hakuelewa lolote, lakini ameshinda na mashine za eksirei miaka mingi, anajua kumtazama mtu kifua. Akasogea, akachuchumaa mbele yake.

"Mama," akasema. "Pumua."

Bi. Salama akapumua, na machozi yakamtoka.